Sanduku Chini ya Kanisa la Watu Wengine

Nimefundisha historia karibu maisha yangu yote ya kazi, na kanuni niliyowapa wanafunzi mwanzoni mwa kila mwaka ilikuwa moja: jambo usiloliona, na usilolisoma katika maandishi ya aliyeliona, usiliseme kana kwamba unalijua. Wengi waliicheka kanuni hiyo wakishatoka darasani. Mimi nimezeeka nayo. Sasa nimestaafu na ninaishi hapa kijijini kwetu, kati ya Manyoni na Kintinku, na ninaandika habari za kanisa letu la zamani, ambalo halipo tena, kwa kufuata kanuni ile ile. Nitakayoyasimulia niliyaona. Yale ambayo sikuyaona nitakiri kwamba sikuyaona, hata kama kijiji kizima kinadai kuyajua.

Halikuwa kanisa kubwa. Kuta zake zilikuwa za mawe ya kijivu yaliyobebwa vichwani kutoka korongoni, yakaunganishwa kwa udongo na chokaa. Paa lilikuwa la bati lililopata kutu, na madirisha yalikuwa membamba mno kiasi kwamba saa saba mchana, wakati vumbi la nje linachoma macho, ndani palikuwa na ubaridi wa mtungi. Juu ya mlango palichongwa mwaka wa ujenzi. Mwaka huo ulikuwa wa enzi ya Mwingereza. Mjerumani alikwisha kuondoka nchini, na padre aliyelisimamia hakuwa Mjerumani. Hayo yamo katika kumbukumbu za misheni, nami nilizisoma nilipokuwa bado na macho ya kusomea maandishi madogo.

Katika watoto wa tumbo la mama yetu tumebaki wawili, mimi na dada yangu aliyenitangulia kuzaliwa. Nyumba yake iko nyuma ya mahali lilipokuwa kanisa, karibu kiasi kwamba alikuwa akisikia kengele ya mageuzo ya Misa akiwa jikoni. Alibatizwa humo, akafungia ndoa humo, na mumewe akaagwa humo. Miguu yake imevimba siku hizi na moyo unamsumbua. Kwa muda mrefu hakuwa na ombi lolote kwa mtu yeyote, isipokuwa hili moja, ambalo alilisema mbele yangu zaidi ya mara moja: siku yake ikifika, aombewe katika kanisa lile, kisha abebwe moja kwa moja makaburini bila kupandishwa gari.

Kwa hiyo iliposikika kwamba halmashauri ya walei inakusudia kulibomoa ili kanisa jipya lijengwe palepale, aliniita.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umesikia wanataka kulivunja?"

"Nimesikia. Lakini kusikia si kujua."

"Basi kajue!" alisema, akigonga fimbo yake chini. "Wewe utakaa na kanuni zako, watu watakuja na nyundo, na mimi nikikuuliza utaniambia bado unachunguza. Umesoma hadi Marekani. Kama elimu hiyo haiwezi kuokoa ukuta mmoja, ilikuwa ya nini?"

Nikaenda kwa Baba Paroko. Ni kijana, umri wa wajukuu zangu, lakini ana adabu na anajibu swali analoulizwa. Alithibitisha kwamba mpango upo. Waumini wameongezeka, alisema. Jumapili nusu yao husimama nje juani. Nilimwuliza kama kiwanja kingine kipo. Kipo, akasema, kule kando ya barabara kuu, ila watu wamezoea hapa. Nikaomba nipewe nafasi ya kuzungumza na waumini baada ya Misa, kabla uamuzi haujapitishwa. Alikubali, kwa sharti kwamba nisiwachoshe.

Nilichokusudia kuwaambia ni habari za kanisa kuu moja huko Marekani. Nililifahamu nilipokuwa kijana, nilipopelekwa masomoni katika mji wa viwanda ulio kando ya mto mkubwa. Chumba nilichopanga kilitazama minara yake miwili. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na rafiki, na baridi ilikuwa ya namna ambayo mtu wa Manyoni hawezi kuelezewa akaielewa. Basi nilikuwa naingia kanisani humo hata siku zisizo za Misa, kwa sababu palikuwa na joto. Nikiwa nimekaa humo niliona kwamba mawe ya upande mmoja yalikuwa meusi kuliko ya upande mwingine. Nilimwuliza mama mmoja mzee, Mmarekani mweusi, aliyekuwa akiwatembeza wageni, sababu yake. Akaniambia ni moto. Nikamwuliza anajuaje. Hakukasirika. Alinielekeza maktaba ya mji, akaniambia magazeti ya zamani yamo.

Nilitumia Jumamosi nyingi katika maktaba ile, na niliyoyapata nilikuwa nayakumbuka bado nikiwa na mvi. Kanisa la kwanza mahali pale lilikuwa la mbao, dogo kuliko letu. Lilijengwa na wahamiaji waliokimbia njaa Ulaya, watu ambao viazi vyao viliozea shambani, waliofika mjini wakiwa wachimba mifereji na watumishi wa majumbani. Walipoanza kujenga la mawe, mawe yaliletwa kwa mashua, na wanaume waliotoka kazini jioni waliyapandisha ukingoni kwa kamba. Walikosana pia. Waliotoka nchi moja walitaka mahubiri kwa lugha yao, na waliotoka nchi nyingine kwa lugha yao, na kwa muda fulani kila kundi lilikuwa na Misa yake na halikusalimiana na lenzake mlangoni. Watu weusi waliketishwa juu, katika roshani ya nyuma. Mama yule alinionyesha mahali bibi yake alipokuwa akikaa. Nami Jumapili iliyofuata nilipanda nikakaa hapo, ingawa siku zile hapakuwa tena na aliyenilazimisha.

Na ule moto ulikuwa na chanzo. Ulivuma uvumi mjini kwamba Wakatoliki wameficha bunduki chini ya sakafu ya kanisa, wakisubiri amri ya kuichukua nchi. Hapakuwa na bunduki. Walikuwapo panya na makaa ya mawe ya kuchomea tanuri. Lakini kundi la watu lilikuja na mienge kuzitafuta bunduki hizo, na upande mmoja ukaungua. Waliobaki walilijenga tena, wakayaacha yale mawe meusi mahali pake. Karne nzima baadaye, watu walipozidi na viti vikapungua, wenye jimbo walijenga ukumbi mkubwa mtaa wa pili na hilo la zamani wakaliacha lisimame. Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha watu wangu.

Jumapili ilipofika, mwenyekiti wa halmashauri alinikaribisha mbele. Ni mfanyabiashara wa alizeti, mwenye mashine ya kukamua mafuta pale njia panda ya kijiji, na ni mtu wa maneno.

"Mwalimu," alisema, "tunakuheshimu, lakini ukianza na Warumi tutakula chakula cha jioni humu humu."

Watu wakacheka. Sikuanza na Warumi. Nilianza na viazi vilivyooza, na kwa kuwa hakuna mtu katika mkoa wetu asiyejua shamba linaweza kufanya nini, walinyamaza wakanisikiliza. Nikawasimulia mashua, ugomvi wa lugha, roshani na moto. Nikasema kwa sauti kwamba uvumi uliunguza nyumba ya Mungu, na kwamba watu waliouamini hawakuwa wabaya kuliko sisi. Dada yangu alikuwa amekaa safu ya mbele, miguu ameinyoosha, na nilimwona akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Nilipomaliza, mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Akasimama mzee mmoja tuliyecheza naye utotoni, mfugaji, mtu mtaratibu.

"Mwalimu, mimi nauliza kidogo tu. Sisi hapa mtu akianza nyumba huzindika. Huzika kitu chini, nyumba isije ikaingiliwa. Hao Wazungu wa kanisa lako, chini hawakuzika kitu?"

Watu walicheka tena, na Baba Paroko akainamisha uso. Ningeweza kucheka pamoja nao na kukaa. Lakini swali lilikuwa la kweli, na jibu lake nilikuwa ninalo, na katika maisha yangu sijawahi kumnyima jibu mtu aliyeuliza swali la kweli. Nikasema kwamba zindiko hawana, ila walikuwa na desturi. Siku ya kuweka jiwe la msingi, kwa mujibu wa gazeti nililolisoma, waliweka chini ya pembe ya mashariki sanduku dogo la shaba, na ndani yake waliweka ngozi yenye majina ya waliohudhuria, magazeti ya wiki ile, medali ya Bikira Maria na sarafu chache za mwaka ule.

"Sarafu za nini?" aliuliza.

"Za ukumbusho."

"Ahaa," akasema, akakaa.

Kura ilipigwa kwa mikono. Wengi walikubali kanisa jipya lijengwe kando ya barabara, na la zamani libaki kwa ajili ya kuabudu Ekaristi na kwa mazishi. Mwenyekiti mwenyewe alinyanyua mkono. Dada yangu alinishika kiwiko tulipokuwa tunatoka, akanishikilia hadi tulipofika uani kwake. Hapo alisema, "Basi ulisoma kwa faida." Ni sifa pekee niliyowahi kupata kutoka kwake, na siku ile nililala nikiwa mtu mwenye furaha.

Haikupita muda nikaenda kwenye mashine ya mwenyekiti kukamulia alizeti yangu. Mashine ilikuwa inanguruma, na watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakizungumza kwa sauti kubwa kama wazungumzavyo watu wa mashineni. Hawakuniona nimesimama nyuma ya magunia.

"Kila kanisa la Mzungu lina sanduku kwenye pembe," alikuwa akisema kijana mmoja ambaye huenda machimbo ya dhahabu wakati wa kiangazi na kurudi wakati wa kilimo. "Pembe ya mashariki. Mwalimu ameliona Marekani kwa macho yake."

"Lina nini?"

"Hela. Za dhahabu."

"Alisema za dhahabu?"

"Wewe ulidhani watamwekea Mungu za bati?"

"Na hili la kwetu?"

"Hili ni mali ya Mjerumani, kaka. Jiulize, kwa nini mzee hataki livunjwe? Na kwa nini liachwe tupu, wakati wote tutahamia barabarani?"

Nilitoka nyuma ya magunia. Walinyanyuka wote wakanisalimu kwa pamoja, "Shikamoo, Mwalimu," kama darasani, na mimi, Mungu anisamehe, nikafanya kama darasani.

"Marahaba. Kwanza, sanduku hilo sikuliona. Nilisoma habari zake. Pili, ni habari za kanisa moja, si za kila kanisa. Tatu, padre aliyejenga hapa hakuwa Mjerumani, na Wajerumani walikwisha kuondoka. Mwaka umeandikwa juu ya mlango. Nendeni mkausome."

"Mwalimu," alisema yule kijana kwa heshima kabisa, "Mzungu ni Mzungu. Mbuzi mweupe humwulizi ametoka zizi gani."

Wakacheka. Nikachukua dumu langu la mafuta nikaondoka, na nilipokuwa bado sijafika mbali nilimsikia mwingine akisema, "Mnaona? Asiyejua hukataa mara moja. Huyu kakataa mara tatu."

"Hata Petro alikataa mara tatu," alijibu kijana, "na alikuwa anajua."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Katika miaka yote ya kufundisha nilipambana na uvumi kwa hoja, nikaamini kwamba uvumi ni ukosefu wa habari, na kwamba mtu akipewa habari sahihi ataridhika. Pale mashineni niliwapa habari sahihi kwa mpangilio, wakaitumia kama kuni.

Aliyegundua shimo ni dada yangu. Alikuwa na desturi ya kwenda kanisani asubuhi kabla ya wengine, kwa kuwa mwendo wake ni wa polepole. Alituma mtu aniite. Nilimkuta amesimama kwenye pembe ya mashariki, ameegemea fimbo, na mbele yake udongo mwekundu umerundikwa vizuri pembeni. Shimo lilishuka wima kando ya ukuta, kisha likaingia chini ya mawe. Kingo zake zilikuwa zimetegemezwa kwa miti iliyokatwa, kama zitegemezwavyo kuta za mashimo ya dhahabu. Aliyelichimba alijua kazi yake. Ni nani, sikumwona, kwa hiyo sisemi.

"Wanatafuta nini?" aliuliza dada.

"Sanduku."

"Lipi?"

Akanitazama, kisha akatazama shimo, na nikaona kwamba ameelewa bila msaada wangu.

Baba Paroko aliwakemea waumini kutoka altareni, kwa ukali ambao sikujua anao. Halmashauri ikaagiza kila jumuiya ilinde kanisa kwa zamu. Zamu zikapita, na shimo likawa linaongezeka. Jumuiya iliyomaliza zamu ilisema ililikuta hivyo. Iliyofuata ikasema hivyo hivyo. Walinzi wenyewe walikuwa na vumbi jekundu kwenye ndala, lakini vumbi jekundu lipo kila mahali kijijini kwetu, na sikuweza kulichukulia kama ushahidi.

Mwishowe halmashauri ilikubaliana shimo lizibwe. Mimi nilishauri lizibwe kwa mawe na zege, na nikamfuata mwenyekiti mashineni kwake kumsisitizia.

"Mwalimu, tutaweka zege," alisema. "Tutaweka. Lakini saruji yote imepangwa kwa kanisa jipya. Tuzibe kwa udongo kwanza. Wakiona limezibwa watachoka."

"Na mvua?"

"Mvua ya wapi? Hii ni Manyoni, si Bukoba."

Alikuwa na haki ya kutania. Mwaka uliotangulia mtama ulikauka ukiwa na urefu wa goti. Lakini mwaka ule mvua ilikuja mapema, ikanyesha kwa namna ambayo reli ilifunikwa na maji kule bondeni na mabasi yakalala njiani. Udongo laini uliojazwa shimoni ulikunywa maji ukashuka, na pembe ya kanisa ikaufuata. Nilifika asubuhi mvua ilipokatika. Ufa ulikuwa umepasua ukuta kutoka kwenye bati hadi chini, mpana kiasi cha kuingiza ngumi, na kupitia ufa huo niliona kituo cha nne cha Njia ya Msalaba, Yesu anapokutana na Mama yake, kikiwa bado kimening'inia kwenye msumari wake.

Mhandisi alikuja kutoka wilayani. Alizunguka, akapima, akapiga picha. Nilimfuata nyuma nikiuliza kama ukuta unaweza kuegemezwa nguzo, kama pembe inaweza kujengwa upya peke yake, kama paa linaweza kushushwa ili kupunguza uzito. Alinijibu kila swali kwa uvumilivu. Mwishowe alisema, "Mzee wangu, ukuta huu hausimami tena. Unaning'inia kwenye paa. Ukimwangukia mtu mmoja, mtakuwa mmejibu nini?"

Mimi ndiye niliyeitisha ushahidi maisha yangu yote, na ushahidi ulikuwa mbele yangu, mpana kama ngumi.

Siku ya kubomoa walikuja watu wengi kuliko wanaokuja Krismasi. Vijana waliangusha bati, kisha kuta, na kila jiwe lililotoka lilibebwa hadi kando ya barabara kwa ajili ya msingi wa kanisa jipya. Kazi ilikwenda kwa utaratibu hadi ilipofika pembe ya mashariki. Hapo watu walisogea. Wanawake walisimamisha ndoo zao, wazee walinyanyuka vitini, na hata mwenyekiti, aliyekuwa akihesabu mbao za paa, aliziacha. Nyundo zilipigwa, jiwe kubwa la chini likatikisika, likainuliwa kwa mitarimbo, likageuzwa.

Chini yake palikuwa na mawe madogo, udongo na kipande cha chokaa kilichoganda. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote, na nilitazama kwa makini, maana nilitaka angalau jambo hili liwe na shahidi. Hapakuwa na kitu.

Kisha mtu nyuma yangu akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata alichokitarajia, "Limeshachukuliwa."

Na hivyo ndivyo inavyoaminiwa hadi leo. Wapo wasemao waliolichukua walikuja na gari lenye namba za Dar es Salaam. Wapo wasemao mimi nilipewa mgawo wangu. Nilibadilisha mabati ya nyumba yangu baada ya mvua zile kuyaharibu, na bati jipya linang'aa. Watu wanaonisalimu shikamoo kwa heshima zote hupita hatua chache kisha hugeuka kulitazama paa langu. Nilipojaribu kumweleza yule mfugaji, mzee mwenzangu aliyeuliza swali siku ile, alinipigapiga begani akasema, "Usijali, ndugu yangu. Hata kama ulikula, ulikula cha Mzungu. Mimi sina kinyongo."

Dada yangu peke yake ndiye hakuamini kwamba nilipata kitu. Lakini hakunipunguzia mzigo.

"Ungesema hakuna," aliniambia, tukiwa tumekaa nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo zamani ukuta wa kanisa ulitupa kivuli saa za alasiri. Sasa jua lilitupiga usoni.

"Ningesema uongo, dada. Sanduku lilikuwapo. Lile la huko."

"Basi ungenyamaza. Kunyamaza nako ni uongo?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa ni swali la haki, na nikaona kwamba sina jibu la kweli ambalo halinihukumu. Niliwaandaa watu kwa habari za bunduki zisizokuwapo, nikidhani nimewapa kinga. Kisha, kwa swali moja la uungwana, nikawapa sarafu zilizokuwapo. Kati ya mambo yote niliyosoma katika maktaba ile, njaa, mashua, roshani, moto, hilo ndilo pekee ambalo kijiji changu kinalikumbuka. Ukimwuliza mtoto yeyote hapa kuhusu kanisa kuu la mji ule, atakuambia lina sanduku.

Siku hizi Misa huadhimishwa chini ya turubai, kule kwenye kiwanja kipya. Msingi umefika usawa wa magoti. Malori ya kwenda Mkiwa na mbele zaidi yanapopita, Baba Paroko hunyamaza katikati ya sentensi akingoja kelele ziishe, na upepo hutikisa turubai juu ya vichwa vyetu. Dada yangu hafiki huko. Nilimwahidi pikipiki ya kumpeleka akakataa. Alisema hakuwahi kwenda kwa Bwana wake amekumbatia mgongo wa mwanamume asiyemjua. Kwa hiyo Baba Paroko humletea Komunyo nyumbani, nami Jumapili jioni humsomea masomo ya siku.

Juma lililopita nilimkuta amesimama katikati ya ua wake, akitazama huku na huku kama mwenye kupanga sherehe.

"Simama hapo," aliniambia. "Hapo, kwenye lango. Nyoosha mikono."

Nikanyoosha.

"Sasa njoo hivyo hivyo hadi hapa."

Nikatembea nikiwa nimenyoosha mikono. Upande wa kushoto kiganja changu kiligonga miti ya zizi la mbuzi.

"Nilijua," alisema. "Jeneza na wabebaji wawili wawili hawapiti. Watageuka kando, na watu wa kwetu wakigeuka kando huanza kucheka. Padre atasimama pale, chini ya upenu. Meza nitaazima kwa jirani. Zizi lisogee."

"Dada, kanisa jipya litaisha. Baba Paroko amesema..."

"Wewe umemsikia, au unajua?"

Alikuwa akipumua kwa shida baada ya maneno hayo machache, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Na mbuzi wasifungwe karibu," aliongeza. "Yule beberu akisikia mtu anaimba naye hujibu. Sitaki padre ashindane naye."

Nilicheka, naye akacheka, akishika kifua. Kisha nilivua koti, nikalitundika langoni, nikaanza kung'oa miti ya zizi mmoja mmoja. Mingi ilikuwa imeoza chini na ilitoka kirahisi. Wa mwisho, wa pembeni, ulikuwa mgumu, ikabidi niufukue kwa jembe, na dada yangu akiwa amekaa pale alinionyesha kwa fimbo yake mahali pa kuusimika upya.